Redio za Kale na Umri wa Kubandikwa



Ndugu wazazi, nanyi wanafunzi wetu wapenzi, somo la historia la safari hii lililetwa mlangoni kwangu likiwa limefungwa kwa kitenge.

Kijana mmoja niliyemsomesha juzuu amma zamani alikuja nyumbani Biryogo baada ya swala ya Alasiri, amebeba redio kubwa ya mbao. Akaiweka mkekani taratibu kama mtoto mchanga. "Mwalimu, hii ni ya Mjerumani. Ya mwaka 1914. Ilikuwa ya Kandt." Aliinunua kwa faranga 250,000, nazo zilikuwa fedha ambazo mama yake alizichanga kwa karo ya mdogo wake. Muuzaji alimpa na karatasi yenye muhuri, imeandikwa mwaka huo huo. Nia yake ilikuwa kuwauzia wageni wanaopenda vitu vya kale, kwa bei mara tatu. Swali alilonijia nalo lilikuwa moja tu: je, faida ya mara tatu ni halali?

Nikamwambia, faida tutaifikia. Kwanza tuulize umri.

Tuanze na Kandt mwenyewe. Richard Kandt ndiye Mjerumani aliyeanzisha kituo cha Kigali mwaka 1907, na nyumba inayokumbukwa kwa jina lake imekuwa makumbusho hapa hapa mjini. Wabelgiji waliingia Kigali mwezi wa Mei 1916, na Kandt akafa kwao Ujerumani mwaka 1918. Sasa, matangazo ya redio ya kusikilizwa na watu majumbani yalianza lini? Kituo cha KDKA cha Pittsburgh, Marekani, kinahesabiwa kuwa miongoni mwa vya mwanzo kabisa, kilianza Novemba 1920. Ujerumani yenyewe ilianza kuwatangazia raia wake kutoka Berlin tarehe 29 Oktoba 1923. Ni kweli kwamba Wajerumani walikuwa na simu ya upepo Mwanza kabla ya vita ile, lakini huo ulikuwa mtambo wa serikali wa kupokea milio ya Morse. Haikuwa redio ya sebuleni ya kusikilizia habari na nyimbo. Kwa hiyo Kandt wa 1914 angeiwasha redio hii asikie nini, na kutoka wapi?

Kijana akanyamaza. Kisha akasema, "Labda ni ya 1930 basi." Angalieni, ndugu zangu, jinsi uongo unavyofanya kazi. Ukikamatwa kwenye mlango mmoja, unaomba kuingilia mwingine.

Tukaipeleka kwa fundi redio, mzee wa Nyamirambo ambaye amefungua redio tangu ujana wake. Yeye hakuitazama mbao hata kidogo. Akaigeuza, akafuta vumbi nyuma, akatusomea kibandiko: imetengenezwa Ujerumani Magharibi. Nchi ya jina hilo ilizaliwa mwaka 1949 na ikaisha kwa muungano wa 1990. Hapo peke yake 1914 na 1930 zote zimekwenda. Kisha akatuonyesha kwenye kioo cha namba sehemu ya FM. Ujerumani ilianza kutangaza kwa FM mwaka 1949. Akafungua kifuniko. Ndani hamkuwa na zile taa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa na kukawia kupata moto. Mlikuwa na transista. Transista ilivumbuliwa Marekani Desemba 1947, na redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, Regency TR-1, ilitoka mwaka 1954. Fundi akakadiria kuwa redio yetu ni ya miaka ya sitini. Mbao ilikuwa imepakwa rangi ya kahawia nzito juu ya rangi yake ya asili, na kona zilikwaruzwa kwa makusudi.

Nawasihi wazazi wawafundishe vijana njia hii, maana ni elimu ya historia inayoshikika mkononi. Majina ya nchi na miji yana tarehe zake. Redio iliyoandikwa kuwa imetengenezwa Tanzania haiwezi kuwa ya kabla ya Oktoba 1964, kwa sababu jina Tanzania lilianza kutumika rasmi mwezi huo. Kioo chenye jina Léopoldville kinaweza kuwa cha kale, kwani mji ule uliitwa Kinshasa mwaka 1966. Redio yenye mahali pa kutia kaseti si ya kabla ya 1963, mwaka ambao Philips walitoa kaseti ile ndogo tuliyoizoea. Nasema hivi kwa sababu miaka ya 1980 na 1990 ziliundwa redio nyingi za kuigiza umbo la miaka ya thelathini, zenye kichwa cha mviringo kama dirisha la kanisa, na kaseti imefichwa ubavuni. Viwanda vilivyoziunda viliziuza kama mapambo. Udanganyifu huja baadaye, mtu anapozificha tundu la kaseti kwa kitambaa na kukuambia ni za babu yake.

Jambo jingine ni kukumbuka redio zilifikaje kwetu. Mwaka 1949, Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, ilianza kuuziwa redio ya bei nafuu ya kutumia betri, mviringo kama sufuria, iliyokusudiwa Mwafrika wa kawaida. Bei yake ilikuwa paundi tano, na betri ililipiwa mbali. Kabla ya hapo redio ilikuwa mali ya wakoloni, wamisheni na wafanyabiashara wachache. Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951, Kiswahili cha Cairo 1954, Kiswahili cha BBC 1957. Radio Rwanda ilianza 1961. Deutsche Welle walijenga kituo chao cha kurushia matangazo hapa Kigali mwaka 1965, kikafungwa mwaka 2015. Redio za transista zilipoanza kumiminika kutoka Japani, zikitumia mawe madogo, ndipo redio ilipoingia nyumba za watu wa Biryogo na Nyamirambo. Basi ukiambiwa kwamba mtaa fulani umejaa redio za miaka ya ishirini, jiulize nani alizinunua, na alisikiliza kituo gani.

Kuna na uzushi wa zebaki nyekundu. Wapo wanaonunua redio mbovu kwa bei ya ajabu wakiamini ndani mna kichupa cha dawa ya utajiri. Aprili 2009 Saudi Arabia ilivuma kwamba zebaki hiyo imo katika cherehani za Singer, na magazeti yakaandika bei zilizofika hadi riali 200,000 kwa cherehani moja. Watu waliuza vitu vyao wanunue chuma kikuukuu. Wanasayansi wamekwisha kusema kitu hicho hakipo. Fundi wetu amefungua redio maisha yake yote na anasema alichokipata ndani ni vumbi na mende.

Linaloniuma zaidi, na nitalisema kwa ufupi, ni wale wanaouza redio ndogo ya mkononi kwa kuinong'oneza bei: "hii ni ya wakati ule." Wanakusudia 1994. Sote tunajua RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993, ilifanya nini katika nchi hii. Lakini redio haina alama mwilini inayosema ilisikiliza nini wala ilikuwa mkononi mwa nani. Anayeibandikia hadithi ile ili apandishe bei anauza vifo vya jirani zake.

Sasa turudi kwenye swali la kijana. Katika madhehebu yetu ya Shafi, bei kubwa peke yake, pakiwa na ridhaa na hakuna hadaa, haivunji biashara. Mtu akipenda redio ya kweli ya miaka ya hamsini akalipa nyingi, ni mali yake. Kubandika umri ni jambo jingine. Mwanafunzi wa fiqhi anakumbuka mas-ala ya mnyama aliyefungwa chuchu siku kadhaa ili kiwele kionekane kimejaa maziwa. Mtume (s.a.w.) alikataza, na akampa mnunuzi hiari ya siku tatu, abaki naye au amrudishe pamoja na pishi ya tende. Rangi ya kahawia na kona zilizokwaruzwa ni kiwele kilichofungwa. Hivyo kijana alikuwa na haki ya kuirudisha.

Akarudi kwa muuzaji. Muuzaji akasema karatasi ina muhuri na biashara imekwisha. Mashahidi hawakuwapo.

Jioni ile akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nami nikimuuzia mgeni kwa karatasi hii hii? Mimi sikuiandika." Nilimwelewa. Karo ilikuwa inadaiwa, na mama hajui bado. Nikamjibu kwamba alipoinunua hakuwa anajua, sasa anajua, na mgeni ni mnunuzi kama yeye. Akaichana karatasi mbele yangu, nami sikumwambia aichane.

Fundi akaitengeneza bure, sasa inashika vituo vizuri. Kijana ameiandikia kadi mpya kwa mkono wake: Ujerumani Magharibi, transista, miaka ya sitini, mbao imepakwa rangi upya. Bei faranga 60,000. Iko juu ya meza kwenye duka la mjomba wake. Mpaka naandika haya haijapata mtu, na baadhi yetu msikitini tumeanza kuchangia ile karo kidogo kidogo.

Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum.