Msamaha wa Tozo kwa Pikipiki za Zamani katika Ukanda wa Moshi Mdogo wa London, 2003–2023

1.0 Utangulizi

Tarehe 8 Aprili 2019, jiji la London lilianza kutoza pauni 12.50 kwa siku kila gari dogo na kila pikipiki iliyoingia katikati ya jiji bila kutimiza kiwango cha moshi kilichowekwa na sheria. Tozo hiyo ilifanya kazi usiku na mchana. Magari yalikwisha kuzoea kulipa. Pikipiki hazikuwa zimezoea. Kwa miaka kumi na sita zilipita bure katika barabara zilezile ambamo magari yalitozwa, na waendeshaji wake wengi walikuja kuuona upendeleo huo kuwa haki. Sasa mwenye pikipiki iliyosajiliwa kabla ya Julai 2007 alijikuta akidaiwa kiasi kilekile alichodaiwa mwenye gari kuukuu la dizeli.

Insha hii inachunguza namna wenye pikipiki hizo walivyotafuta kusamehewa, na kwa nini wengine walifanikiwa na wengine wakashindwa. Inajenga hoja kwamba kilichoamua mambo, zaidi ya maandamano na malalamiko, kilikuwa ushahidi wa karatasi: tarakimu moja katika kadi ya usajili. Tarakimu hiyo iliwaokoa wengi. Hata hivyo, ilipima sehemu tu ya moshi unaotoka katika pikipiki kuukuu, na kwa hiyo msamaha uliotokana nayo haukulingana kila mara na usafi wa hewa uliokusudiwa.

2.0 Kutoka Msongamano hadi Moshi

Tozo ya kwanza ya London ilianza tarehe 17 Februari 2003 chini ya Meya Ken Livingstone, kwa mamlaka aliyopewa na Sheria ya Mamlaka ya London Kuu ya mwaka 1999. Ilikuwa pauni 5 kwa siku, na lengo lake lilikuwa kupunguza msongamano. Kwa lengo hilo, kuisamehe pikipiki kulikuwa jambo rahisi kulieleza, kwani haichukui nafasi kubwa barabarani wala katika maegesho, na mtu anayeacha gari na kupanda pikipiki huipunguzia barabara mzigo. Hakuna aliyeuliza pikipiki hiyo inatoa nini kupitia bomba lake la moshi. Ukanda wa kwanza wa moshi, ulioanza Februari 2008, ulilenga malori makubwa ya dizeli.

Kilichobadilisha hali ni sheria ya Umoja wa Ulaya. Maagizo ya mwaka 2008 kuhusu ubora wa hewa yaliweka ukomo wa wastani wa mikrogramu 40 za dioksidi ya naitrojeni katika kila mita moja ya ujazo ya hewa kwa mwaka, ukomo uliopaswa kutimizwa kuanzia 2010. Uingereza ilishindwa kuutimiza katika maeneo mengi, London ikiwa mbele. Shirika la wanasheria la ClientEarth liliishitaki serikali, na mnamo Aprili 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamuru mipango mipya iandaliwe. Mwaka huohuo Meya Boris Johnson aliidhinisha ukanda mpya wenye masharti makali zaidi, utakaoanza Septemba 2020. Mrithi wake, Sadiq Khan, aliusogeza mbele hadi Aprili 2019, na kabla ya hapo, Oktoba 2017, akaweka tozo ya muda ya pauni 10 kwa magari yenye sumu nyingi. Pikipiki za magurudumu mawili zilisamehewa katika tozo hiyo ya muda. Katika ukanda mpya hazikusamehewa.

Hapa ndipo msingi wa hoja ulipohama. Vyama vya waendeshaji, hasa Motorcycle Action Group, kilichoanzishwa mwaka 1973 kupinga sheria ya kofia ngumu, viliendelea kutetea pikipiki kwa hoja ya msongamano: chombo kidogo, safari fupi, mafuta machache. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli lakini ilijibu swali la mwaka 2003. Swali la 2019 lilihusu gesi moja, na hoja ya nafasi barabarani haikuwa na uzito mbele yake.

3.0 Tarakimu Moja

Masharti ya ukanda yalieleza kwamba pikipiki lazima itimize kiwango cha Euro 3. Kiwango hicho kiliwekwa na Maagizo 2002/51/EC na kuanza kutumika kwa aina mpya za pikipiki mwaka 2006, kisha kwa pikipiki zote mpya mwaka 2007. Ndiyo sababu tarehe ya usajili ya Julai 2007 ilitumika kama mpaka. Kamera za ukanda husoma namba ya usajili, namba hulinganishwa na kumbukumbu, na kumbukumbu hutazama mwaka. Mashine haioni injini.

Lakini Euro 3 ni kifurushi cha vipimo kadhaa, na London ilikuwa na haja na kimoja tu. Mamlaka ya usafiri ya jiji ilikubali kwamba pikipiki yoyote, ya mwaka wowote, ihesabiwe kuwa imetimiza masharti ikiwa oksidi za naitrojeni zinazotoka ndani yake hazizidi gramu 0.15 kwa kilometa. Katika kadi ya usajili ya Uingereza kiasi hicho huandikwa kwenye kifungu V.3. Mwenye pikipiki ya mwaka 2004 aliyeifungua kadi yake na kukuta 0.09 au 0.12 alipaswa tu kutuma nakala, na namba yake ikasahihishwa katika kumbukumbu. Kwake yeye, suala zima la haki ya waendeshaji lilimalizika kwa barua moja.

Kwa wengine kifungu hicho kilikuwa kitupu. Pikipiki nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zilisajiliwa kabla ya kuwapo kwa desturi ya kuandika kiasi hicho. Wenye pikipiki hizo waliweza kumwomba mtengenezaji cheti cha ulinganifu, ikiwa mtengenezaji bado yupo na ikiwa pikipiki hiyo iliwahi kupimwa alipoiunda. Njia ya mwisho ilikuwa kuipima upya: karakana moja ya mashariki mwa London ilianza kuzipima pikipiki juu ya mashine ya roli, gurudumu la nyuma likizunguka papo hapo huku gesi zikikusanywa, na matokeo yake yakapokewa na mamlaka. Ni jambo la kuangaliwa kwamba gharama ya kuthibitisha ilibebwa na mwenye pikipiki. Kumbukumbu zilipokosekana, chombo kilichukuliwa kuwa kichafu hadi mwenyewe athibitishe vinginevyo.

Kwa nini pikipiki kuukuu zifaulu kipimo ambacho magari mengi ya dizeli ya umri mdogo zaidi yalishindwa? Jibu limo katika namna ya kuungua kwa mafuta. Oksidi za naitrojeni huundwa pale ambapo naitrojeni na oksijeni za hewa hukutana katika joto kali sana ndani ya silinda. Injini ya dizeli hufanya kazi kwa hewa nyingi na mgandamizo mkubwa, mazingira yanayofaa kabisa kuunda gesi hizo. Pikipiki ya petroli yenye kabureta, hasa ya zamani, mara nyingi hupewa mafuta mengi kuliko hewa. Oksijeni ya ziada haipo, na mafuta yasiyoungua hupunguza joto. Injini ya mipigo miwili huongeza jambo jingine: sehemu ya gesi iliyokwisha kuungua hubaki ndani ya silinda na kulipoza pigo linalofuata. Matokeo yake ni oksidi chache za naitrojeni. Mafuta yaliyokosa kuungua, hata hivyo, hayapotei. Hutoka nje yakiwa haidrokaboni na kaboni monoksidi, na katika mipigo miwili hutoka pia pamoja na moshi wa oili unaoonekana kwa macho na kunuswa na kila aliye nyuma.

Sheria za Ulaya zenyewe zinalionyesha hili waziwazi. Katika kiwango cha kwanza cha pikipiki, kilichoanza kutumika mwaka 1999, pikipiki ya mipigo miwili iliruhusiwa gramu 0.1 tu za oksidi za naitrojeni kwa kilometa, lakini ikaruhusiwa gramu 4 za haidrokaboni. Miaka saba baadaye Euro 3 iliruhusu gramu 0.15 za oksidi za naitrojeni, na haidrokaboni gramu 0.8 kwa injini ndogo na 0.3 kwa injini za sentimita za ujazo 150 na zaidi. Njia za upimaji hazikuwa sawa kabisa, na tarakimu hizi zisilinganishwe kana kwamba zimetoka katika mizani moja. Hata hivyo maana yake haifichiki. Chombo kilichoruhusiwa kisheria kutoa haidrokaboni mara tano au zaidi ya kile kilichokifuata kingeweza kupita bure mlangoni mwa London, kwa sababu mlangoni palikuwa na mizani ya gesi moja. Pikipiki ya mipigo minne ya kiwango hichohicho cha 1999, yenye haidrokaboni pungufu, iliruhusiwa gramu 0.3 za oksidi za naitrojeni na hivyo karatasi zake hazikuitosha kuvuka.

Haifai kuihukumu London kwa jambo hili kama kwamba ilifanya uzembe. Jiji lilikuwa chini ya amri ya mahakama kuhusu dioksidi ya naitrojeni, na lilitunga masharti yanayolenga gesi hiyo. Kukataa pikipiki iliyothibitisha kuwa chini ya ukomo kungekuwa kumtoza mtu kwa kosa asilolifanya. Tatizo ni kwamba neno lililotumika hadharani lilikuwa hewa safi, ilhali kilichopimwa kilikuwa kiungo kimoja cha uchafu wake.

4.0 Miji Mingine

London ilikuwa peke yake, au karibu peke yake, katika uamuzi huu ndani ya Uingereza. Mwongozo wa serikali wa mwaka 2017 kuhusu maeneo ya hewa safi uliiacha pikipiki kuwa hiari ya kila halmashauri, tena katika daraja la juu tu la tozo. Birmingham, iliyoanza Juni 2021, haikuzitoza. Bristol, Novemba 2022, vivyo hivyo. Kanuni za Scotland ziliziacha nje pia. Ujerumani ilikwisha kuziondoa pikipiki katika kanuni zake za vibandiko kabla ya Berlin kuanzisha ukanda wake Januari 2008. Paris ndiyo iliyokwenda mbali zaidi: kuanzia Julai 2016 ilizipiga marufuku mchana wa siku za kazi pikipiki zilizoanza kutumika kabla ya Juni 1999, bila kuuliza kipimo cha moja moja. Waendeshaji wa Ufaransa waliingia barabarani kwa maandamano, jambo linaloeleweka, kwa kuwa marufuku inayotegemea mwaka peke yake haimwachii mtu karatasi ya kutuma.

5.0 Umri, Kazi na Upanuzi

Pamoja na njia ya kipimo, palikuwa na njia ya umri. Chombo kilichofikisha miaka 40 na kusajiliwa katika kundi la vyombo vya kihistoria hakitozwi, mradi hakitumiki kibiashara. Kilichoundwa kabla ya mwaka 1973 hakitozwi hata kikifanya biashara. Hapa kipimo cha moshi hakiulizwi kabisa. Pikipiki ya 1975 inayovuja oili hupita, na ya 1995 iliyotunzwa vizuri lakini isiyo na karatasi hulipa.

Mgawanyo huu una sura ya kitabaka ambayo mijadala ya wakati huo haikuipa nafasi ya kutosha. Pikipiki ya miaka 40 kwa kawaida ni mali ya mkusanyaji anayeitoa siku ya Jumapili yenye jua. Pikipiki ya miaka kumi na tano au ishirini ni chombo cha mpeleka vifurushi, mhudumu wa zamu ya usiku, mtu anayetoka mbali kwa sababu kodi ya nyumba karibu na kazi haiwezekani. Siku tano za kazi kwa juma ni pauni 62.50; majuma 46 ni pauni 2,875, kiasi kinachoweza kuipita thamani ya pikipiki yenyewe. Ruzuku ya kuachana na vyombo vichafu, iliyofunguliwa upya Januari 2023 kwa mfuko wa pauni milioni 110, ilitoa pauni 1,000 kwa pikipiki, lakini mwanzoni ilikuwa kwa wanaopokea misaada maalumu ya serikali. Ilifunguliwa kwa wakazi wote wa London mwezi Agosti tu, siku chache kabla ya upanuzi wa mwisho.

Upanuzi huo haukuja bila sababu. Mnamo Desemba 2020 uchunguzi wa kisheria ulihitimisha kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo cha Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa miaka tisa mwenye pumu kali, aliyefariki Februari 2013. Aliishi Lewisham, karibu na barabara ya South Circular. Ukanda ulipopanuliwa Oktoba 2021 ulifika hadi kwenye barabara hiyo na kukomea hapo. Barabara yenyewe ilibaki nje. Iliingizwa tarehe 29 Agosti 2023, ukanda ulipoenea katika vitongoji vyote vya jiji. Halmashauri tano za pembezoni zilikuwa zimekwenda Mahakama Kuu kuupinga, na tarehe 28 Julai zikashindwa. Wiki moja kabla ya hukumu, hasira dhidi ya tozo ilikuwa imeamua uchaguzi mdogo wa Uxbridge kwa tofauti ya kura 495.

Katika vurumai hilo la magari, malori na kura, pikipiki hazikutajwa sana. Masharti yake hayakubadilika: gramu 0.15, au miaka 40. Kilichobadilika ni ukubwa wa eneo, na hivyo idadi ya watu waliolazimika kuifungua kadi ya usajili na kutafuta kifungu V.3. Pikipiki iliyotoka kiwandani mwaka 2006, ikiwa kifungu hicho ni kitupu na mtengenezaji hajibu, haitaufikia msamaha wa kihistoria kabla ya mwaka 2046.