Mtepe, Ngalawa na Chombo cha Springi

Mtepe haukuwa na msumari. Mafundi wa Amu (Lamu) na visiwa vya Wabajuni walizishona mbao zake kwa kamba za makumbi, wakazishikiza kwa vijiti vilivyopigwa mshazari, na tanga likawa la mkeka. Wako wanaouangalia mfano wake katika makumbusho ya Lamu wakaona uhaba wa chuma. Mimi naona jibu la swali ambalo wahandisi wa leo wanaligharimia pesa nyingi: wimbi likipiga, kilegee nini?

Mtepe ulilegea wenyewe. Mishono iliziachia mbao nafasi ya kucheza, hata chombo kikibwagwa mchangani hakikupasuka upesi. Watu wa pwani ya Madras nao walitumia mashua za masula, za kushonwa vilevile, kuvusha abiria na shehena katika mawimbi makali kabla ya kujengwa bandari. Ila ulaini huo ulikuwa na bei: mtepe ulivuja, na mabaharia hawakuacha kufua maji.

Ngalawa ya Unguja na Mafia imeshika njia nyingine. Mtumbwi mwembamba ungepinduka mara moja, basi ukapewa ndubi mbili, moja kila ubavu. Hapo wengi huchanganya mambo: kutopinduka ni kitu kimoja, starehe ni kingine. Chombo kigumu kulala hurudi wima kwa kishindo, na mifupa ya abiria ndiyo inayojua.

Mashua ya Amu, yenye mkuku na tanga la pembetatu, huutia utulivu wake mikononi mwa watu. Farumi yake ni magunia ya mchanga, na nahodha akibisha magunia huhamishwa upande wa joshini. Siku za mashindano vijana hukaa juu ya ubao uliotokezwa nje ya ubavu, wakisogea nje na ndani kadiri upepo unavyokaza au kulegea. Uzuri wa mpango huu ni kwamba unatangulia: kijana huuona upepo ukikunja maji kabla haujalifikia tanga.

Ng'ambo, mhandisi Ugo Conti alionyesha Proteus huko San Francisco mwaka 2007: chombo cha mita 30 hivi, chenye viboya viwili vya kujazwa upepo, na chumba cha watu kikining'inia juu yavyo kwa miguu yenye springi, mfano wa buibui. Kampuni ya Nauti-Craft ya Australia ilichukua maarifa ya magari, ikaunganisha viboya vinne kwa mabomba ya mafuta, ili kimoja kikiinuliwa na wimbi vingine vigawane mzigo. Kwa macho yangu, mpango huu wa pili una udugu na mashua: mzigo unahamishwa, chombo kinatulia. Proteus ina udugu na mtepe, kwa kuwa umbo lenyewe linalegea.

Je, Amu ichukue kipi? Boti za faiba zinazokwenda Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, ni ngumu na zina kasi. Msimu wa kusi aliyekaa mbele hurushwa na kupigizwa. Njia hiyohiyo ndiyo anayopitishwa mgonjwa wa Pate akipelekwa Hospitali ya King Fahd mjini Amu. Sioni miguu ya Proteus ikidumu hapa, kwa chumvi hii na maji haba ya mlango wa bahari wa Mkanda wakati wa kupwa. Waokoaji wa baharini wa Uingereza walichagua kitu kidogo zaidi: katika boti zao za aina ya Tamar springi ziko kwenye viti vya mabaharia, na chombo kimebaki kigumu. Kiti kama hicho fundi wa Amu anaweza kukijaribu bila kugusa umbo la boti. Kabla hakijaja, mgonjwa alazwe nyuma, karibu na injini, kwani omo ndiyo inayopanda na kushuka zaidi. Na nahodha apunguze mwendo, ingawa wanaomhimiza aongeze mara nyingi ni abiria wenyewe.