Mdandizi si mdoezi

Rasimu yenyewe ina kurasa nne, imechapwa vizuri, na juu yake pameandikwa "Istilahi za Bustani na Maua". Sijui imeandaliwa na nani. Au tuseme najua, ila adabu inanizuia. Ukurasa wa pili, mkabala na epifaiti, yaani mmea unaoota juu ya mwingine bila kugusa ardhi, wanajopo wameandika "kimelea cha juu". Mfano waliotoa ni okidi.

Nimemeza mengi katika rasimu hiyo. Nimemeza hata "okidi dumavu", jina walilozipachika okidi ambazo kwa maumbile yake ni ndogo, kana kwamba zilikosa lishe kabla ya kutimiza miaka mitano. Kitoto cha tembo kilichokosa maziwa kimedumaa; sungura hajadumaa, ni sungura. Semeni "okidi ndogondogo" tuendelee. Lakini kimelea sikukimeza, na sababu yake ilitokea uani kwa jirani yangu, hapa hapa Chamazi.

Nilikuwa nimempa jirani huyo kijiti cha mwembe chenye okidi iitwayo Microcoelia exilis. Ni yetu ya pwani hii, na niliiokota kwenye tawi la mwembe uliokatwa kupisha msingi wa nyumba. Haina majani hata moja. Ukiiona mara ya kwanza utadhani mtu amesahau kifundo cha nyuzi za kijivu juu ya tawi, kumbe nyuzi zile ni mizizi, na ndiyo inayofanya kazi ya majani. Inyunyizie maji, uinamie, uhesabu polepole: weupe unayeyuka, kijani kinajitokeza kwa ndani, kama karatasi iliyodondokewa na mafuta. Ngozi ya juu ya mzizi ni sponji; ikinywa maji inapitisha mwanga. Ua lake halifiki milimita 3. Mimi hulitazama kwa kioo cha kukuzia nilichorithi kwa fundi saa, na bado hunibidi nizuie pumzi.

Jirani aliifunga kwenye mwembe wake, ikashika. Kisha siku moja alikuja kwangu kuazima ngazi, akaiona rasimu mezani, akasoma. Kesho yake nikaikuta okidi kwenye ndoo ya taka, imechanganyika na maganda ya muhogo.

"Mwalimu, si wamesema kimelea?" aliniambia. "Na mwembe wangu ndiyo kwanza unazaa."

Sikuwa na la kumjibu. Alisoma Kiswahili, akakielewa, akachukua hatua. Aliyekosea si yeye.

Watetezi wa kimelea wana hoja moja nzuri, na nitaitaja kabla hawajanitajia. Kitenzi ni mea, huzaa melea, kumea juu ya kitu. Kimelea basi ni kile kimeacho juu ya kingine. Wayunani nao walisema epi, yaani juu ya, na phyton, yaani mmea, neno lililotokana na kitenzi cha kuota. Kwa mizani hiyo kimelea ni tafsiri ya epifaiti herufi kwa herufi, tena safi kuliko yangu. Nakiri. Kama tungekuwa tunaanza leo, ningeweka sahihi.

Ila hatuanzi leo. Neno lile limeshaajiriwa kwingine, na mwajiri wake ni zahanati. Hakuna mtoto wa Mbagala asiyejua kuwa vimelea vya malaria vimo ndani ya damu na vinamla mtu. Kilichotokea ni kwamba neno lenye sura ya epifaiti lilipewa kazi ya parasiti, nalo parasiti likaachwa bila jina lake halali. Jina hilo tunalo tangu zamani. Parasitos wa Kiyunani ni mtu alaye pembeni ya chakula cha mwenziwe: para ni kando, sitos ni nafaka. Huko Athene lilianza kama jina la heshima, la watu waliokula pamoja na makuhani hekaluni, kabla waandishi wa vichekesho hawajalishusha hadi kwa yule anayekuja kwako kila unapotenga chakula. Waswahili tunamwita nani huyo? Mdoezi. Kitenzi ni doea: kuchungulia moshi wa jiko la jirani, kubisha hodi wali ukipakuliwa, kusema "Wala sikai" huku ukinawa mikono. Mdoezi wa kweli ni ile mimea ya jamii ya Loranthaceae inayopenyeza mizizi ndani ya tawi la mchungwa na kunyonya maji yake. Okidi haipenyezi kitu. Inashika gome kwa nje, inakunywa mvua na umande, inakula vumbi na majani yaliyooza. Mti ni kituo tu.

Ndipo ninapoleta neno langu: mdandizi. Asili yake ni dandia, kitenzi ambacho mkazi wa Dar es Salaam aliyepanda daladala za zamani anakijua kwa viganja vyake. Unashika bomba la mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine hewani. Umebebwa, lakini hujagusa usukani wala pochi ya abiria.

Kwa nini mdandizi? Ukianza na danda, kanuni ya linda na mlinzi itakupa mdanzi. Na mdanzi ni mti wa machungwa machungu, tutachekwa sokoni. Lakini dandia hufuata kimbia, mkimbizi. Mkimbizi akiwa mtu ni wakimbizi. Mdandizi ukiwa mmea ni midandizi. Sioni pa kukwaruza.

Mheshimiwa mmoja, ambaye kwenye semina husimama hata kama hajaitwa, alipendekeza mparamizi. Kuparamia ni kupanda kutoka chini, na mmea upandao kutoka chini una mizizi ardhini, kama pasheni. Huko ndiko kudandia treni kwa mbele. Mwingine akasema vijana wa leo hawatanielewa, kwa kuwa mwendokasi ulioanza mwaka 2016 hufunga milango. Nilimwomba aje asimame barabara ya Mbande saa kumi na mbili asubuhi.

Hoja iliyoniumiza kidogo ilitoka kwa kijana wa botania. Mbegu ya okidi, alisema, ni vumbi tupu, haina akiba ya chakula, na porini haianzi maisha mpaka ilishwe na kuvu. Je, huo si udoezi? Ni udoezi. Nikamjibu kwamba sote tukiwa wachanga tulidoea, na kuvu si mti. Alitabasamu kwa namna ambayo sikuipenda.

Wanaotaka kuotesha, haraka: maji ya mvua, kwa kuwa visima vingi vya huku vina chumvi, kivuli chepesi chenye upepo, kipande cha gome, au kumbi la nazi lililolowekwa siku kadhaa na kubadilishwa maji, funga kwa uzi wa nailoni, usiuzike mzizi kwenye udongo hata kidogo, kiangazi nyunyizia kila asubuhi. Na usizing'oe Pugu wala Kazimzumbwi, kwani jamii nzima ya okidi inalindwa na mkataba wa CITES. Nirudi kwenye neno.

Niliwaandikia wanajopo barua ya kurasa sita, nikaambatisha mchoro. Nilijibiwa kwa sentensi moja kuwa maoni yangu yamepokelewa. Toleo jipya la rasimu limetoka, na sasa linasema "kimelea cha juu (kisichodhuru)". Yaani mdoezi asiyekula.

Jirani yangu nilimpa kijiti kingine, na neno lake. Amekifunga tawi lile lile. Juzi nilikuwa natoka msikitini, akaniita kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Mwalimu, wadandizi wamechanua!"

"Midandizi," nikamwambia.

"Haya, wamechanua hao. Njoo na kioo chako."

Nikaenda kukichukua.