Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini kwanza

Unapanda kutoka Usa River kuelekea Momella, mara taa nyekundu ya oili inawaka. Wengi husema, "ngoja nifike." Hapo ndipo injini hunoki.

Taa hiyo haipimi wingi wa oili, inapima presha. Pampu huvuta oili kutoka kwenye sampu chini ya injini kupitia chujio, ikaisukuma kwenye filta, kisha kwenye beringi na kamshafti. Presha ikikatika, vyuma vinasagana. Dakika chache tu zinatosha kuua injini.

Barabara za mawe kuzunguka Mlima Meru zina hatari yake: jiwe likibonyeza sampu, chujio linaweza kuzibwa hata kama oili haijamwagika.

Fanya hivi:

- Simama mahali salama pa tambarare, zima, subiri dakika 10, pima kwa stiki.
- Imepungua? Ongeza oili iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, kagua kama inavuja. Taa ikiendelea kuwaka, usiendeshe, gari livutwe.
- Kabla hujanunua pampu, mwambie fundi apime presha kwa geji. Huenda ni swichi ya presha tu, au chujio limejaa tope.
- Badilisha oili na filta kwa wakati. Ukipita vumbi sana, wahi zaidi.
- Asubuhi za baridi za Juni na Julai, usikanyage mafuta mara tu unapowasha. Oili nzito huchelewa kufika juu.

Lita moja ya oili ni nafuu kuliko injini ya mtumba.