Akina mama wa Gordonsville na kuku waliowajengea nyumba

Gordonsville ni mji mdogo wa jimbo la Virginia, kusini mwa Marekani. Katika karne ya 19 njia mbili za reli zilikutana hapo, na treni za wakati ule hazikuwa na behewa la kulia chakula. Treni iliposimama, akina mama weusi walisogea madirishani na masinia kichwani, wakiwauzia abiria kuku wa kukaanga, mikate na kahawa. Wengi walikuwa wametoka utumwani, baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1865. Kwa faida ya kuku hao, baadhi yao walipata nyumba zao wenyewe.

Kwa nini kuku? Jibu liko nyuma zaidi. Waafrika walioletwa Virginia mwaka 1619 walikuwa wametekwa Ndongo, katika Angola ya leo, jirani na Kongo. Watoto na wajukuu wao walibaki watumwa. Mwaka 1692 sheria ya Virginia iliwanyang'anya watumwa farasi, ng'ombe na nguruwe. Kuku waliachwa. Basi watumwa wakafuga kuku karibu na vibanda vyao, wakauza kuku na mayai hata kwa mabwana wao. Huko Monticello, kwa rais Thomas Jefferson, mjukuu wake aliandika manunuzi hayo katika daftari kati ya mwaka 1805 na 1808.

Lakini mapishi yalichapishwa kwa jina la watu wengine. Mwaka 1824 Mary Randolph, mama mzungu wa ukoo mkubwa wa Virginia, alitoa kitabu chake: kuku akatwe vipande, apakwe unga wa ngano, atiwe chumvi, akaangwe katika mafuta ya nguruwe. Katika nyumba za namna hiyo, waliosimama motoni walikuwa watumwa. Ni mwaka 1881 tu ndipo Abby Fisher, aliyekuwa mtumwa zamani, alipotoa kitabu chake cha mapishi mjini San Francisco. Hakujua kusoma wala kuandika. Yeye alieleza, wengine wakaandika.

Wakati wa ubaguzi, hoteli nyingi za kusini ziliwakataa wasafiri weusi. Wakabeba kuku wa kukaanga katika maboksi ya viatu, kwa kuwa analika hata akiwa amepoa. Chakula hicho hicho kikageuzwa kuwa dhihaka juu yao, hata katika filamu The Birth of a Nation ya mwaka 1915.

Anayempika nyumbani leo bado anafuata njia ile ile. Wengi hulaza vipande usiku kucha katika maziwa chachu yenye chumvi ili nyama ilainike, kisha huvipaka unga. Mafuta yawe moto sawasawa, na vipande viingie vichache vichache. Vikijazana, mafuta yanapoa na unga unalowa.

Ulimwenguni, sura inayojulikana kwa kuku huyu ni ya Harland Sanders, mzungu aliyeanza kumuuza huko Corbin, Kentucky, katika miaka ya 1930. Miaka zaidi ya 60 kabla yake, akina mama wa Gordonsville walikuwa tayari madirishani na masinia yao.