Pointi saba za Moroko

Usiku wa Aprili 19, 1980, mjini The Hague, Uholanzi, simu ziliita moja baada ya nyingine. Kila simu ilileta pointi za majaji wa nchi fulani, na kila mara Moroko ilirukwa. Italia peke yake ndiyo iliyoikumbuka, ikaipa pointi 7. Majaji wa nchi nyingine 17 hawakuipa hata moja.

Hiyo ndiyo safari nzima ya Afrika katika shindano la nyimbo la Eurovision. Kabla ya usiku ule hakuna nchi ya bara letu iliyowahi kupanda jukwaa hilo, na hadi leo hakuna iliyoifuata Moroko.

Wapo wanaodhani Moroko ilialikwa kwa hisani. Sivyo. Haki ya kushiriki haipimwi kwa ramani ya Ulaya bali kwa uanachama wa Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, na mashirika ya utangazaji ya Afrika Kaskazini yamo humo kwa miaka mingi. Kilichokuwa kigumu ni siasa: nchi za Kiarabu hazikutaka kupanda jukwaa moja na Israeli. Israeli, iliyoshinda mwaka 1978 na 1979, haikushiriki mwaka ule kwa sababu tarehe iliangukia siku yake ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Moroko ikaingia mwaka huohuo.

Aliyebeba bendera ni Samira Bensaid, binti wa Rabat mwenye umri wa miaka 22. Alipanda wa tano, baada ya Luxembourg na kabla ya Italia, akaimba Kiarabu mbele ya okestra. Ilikuwa mara ya kwanza lugha hiyo kusikika katika shindano lile. Wimbo wake, wenye ujumbe wa amani, uliitwa “Bitaqat Hub”. Mswahili hahitaji mkalimani wa neno hilo la pili: hub ndiyo huba yetu.

Hesabu ilipofungwa, Johnny Logan wa Ireland aliibuka mshindi kwa pointi 143. Moroko ilikuwa ya 18 kati ya nchi 19, ikiizidi Finland kwa pointi moja. Mwaka uliofuata Israeli ilirudi. Moroko haikurudi tena.

Hapo ndipo ninaposikitika. Ureno ilipoingia kwa mara ya kwanza, mwaka 1964, iliambulia sufuri. Ikarudi, ikashindwa, ikarudi tena, hadi Salvador Sobral alipoipatia ushindi wa kwanza mwaka 2017, miaka 53 baadaye. Moroko ilianza na pointi 7 zaidi ya Ureno, lakini ikakunja jamvi baada ya usiku mmoja.

Samira mwenyewe hakukunja. Alikwenda Misri, akajulikana kama Samira Said, na akawa miongoni mwa waimbaji wakubwa wa ulimwengu wa Kiarabu. Mwaka 2002, miaka 22 baada ya The Hague, alitamba na “Youm Wara Youm”, aliouimba pamoja na Cheb Mami wa Algeria. Jina la wimbo huo maana yake ni siku baada ya siku, na ndivyo alivyofika: kwa kuimba tena kesho yake. Sauti Moroko ilikuwa nayo tangu usiku ule. Subira ndiyo iliyoiishia.