Askari wa Mwili na Posho Yake: Historia ya Uvimbe wa Burkitt na Lugha ya Kinga

1. Utangulizi

Katika maandishi ya afya ya Kiswahili, chembe nyeupe za damu huitwa askari wa mwili. Sitiari hii ilienea sana katika miaka ya 1980 na 1990, wakati walimu wa afya walipohitaji kuwaeleza watu wa kawaida habari za UKIMWI. Kisangani, ambako ugonjwa huo huitwa sida na Kiswahili huishi jirani na Lingala na Kifaransa, sitiari hiyo haihitaji ufafanuzi: virusi huwaua askari, nao mwili hubaki bila ulinzi.

Manufaa ya sitiari hiyo hayana ubishi. Hata hivyo, ina pengo. Inamwonyesha askari akipigana, lakini haisemi anakula nini, anaongezeka vipi, wala ni nani anayemwamuru kuacha. Makala haya yanapitia historia ya ugonjwa mmoja wa watoto wa Afrika ambao ulisaidia kuyajibu maswali hayo, kisha yanatazama deni ambalo historia hiyo inaiachia lugha.

2. Kutoka Mulago hadi London

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Muda mfupi baadaye aliona mtoto mwingine mwenye hali hiyo hiyo. Alianza kupekua kumbukumbu za wagonjwa, na mwaka 1958 akachapisha maelezo yake ya kwanza. Baadaye ilithibitika kwamba ule uvimbe ni limfoma, yaani saratani ya limfosaiti, ambazo ni chembe za kinga zenyewe.

Burkitt alituma picha za wagonjwa katika hospitali nyingi barani, akiuliza nani amewahi kuona uvimbe kama huo. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, kutoka Uganda hadi Afrika ya Kusini, mwendo wa kilomita 16,000 hivi. Ilidhihirika kwamba ugonjwa ulifuata joto na mvua: ulipatikana katika nchi za chini zenye unyevu, na ukatoweka katika nyanda za juu zenye baridi. Ukanda huo unaendelea magharibi hadi bonde la Kongo. Kisangani, mji ulio karibu na Ikweta, katikati ya msitu, ambako malaria huambukizwa mwaka mzima, umo ndani yake.

Mwaka huo huo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein. Walikubaliana vipande vya uvimbe vipelekwe London kwa ndege. Safari moja ilicheleweshwa na ukungu, na kipande kilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka. Badala ya kuyamwaga, Epstein aliyachunguza, akakuta chembe hai zikielea. Kutokana na chembe hizo za uvimbe, zilizokuzwa katika maabara, mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza virusi vipya, ambavyo leo huitwa virusi vya Epstein-Barr.

3. Amri isiyozimika

Virusi hivyo, hata hivyo, viko duniani kote, na watu wengi huishi navyo bila madhara makubwa. Sehemu nyingine ya jibu ilipatikana mwaka 1982, watafiti walipogundua kwamba katika uvimbe huu jeni iitwayo MYC imehama mahali pake. Mara nyingi huwa imetoka katika kromosomu ya 8 na kupachikwa katika ile ya 14, kando ya jeni za kingamwili, mahali ambapo katika limfosaiti za aina hiyo hapazimwi.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, inafaa kuitazama limfosaiti yenye afya. Ikiwa imetulia, ni ndogo na hutumia chakula kidogo. Ikikutana na kijidudu inachokitambua, huamka. Kwanza hukua, kisha hugawanyika mara nyingi kwa muda mfupi. Kazi hiyo hudai posho: chembe hufungua milango yake kwa sukari na asidi za amino, na hugeuza sehemu kubwa ya sukari kuwa asidi ya laktiki hata oksijeni ikiwapo. Otto Warburg aliwahi kuona tabia kama hiyo katika chembe za saratani katika miaka ya 1920. Mwaka 2011 utafiti wa panya ulionyesha kwamba MYC ni miongoni mwa wasimamizi wakuu wa mabadiliko hayo pale limfosaiti inapoamshwa. Kwa kawaida amri hiyo hutolewa kwa muda, kisha huzimwa. Katika uvimbe wa Burkitt haizimwi. Askari anaendelea kula na kuongezeka wakati hakuna vita.

Malaria inaingia hapa. Kwa kuziamsha limfosaiti mara kwa mara, inazidisha nafasi za jeni kukatika na kuungana vibaya, na virusi vya Epstein-Barr husaidia chembe iliyoharibika isife.

4. Deni la lugha

Uvimbe huu ni kati ya saratani zinazokua haraka kupita zote. Unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini kasi hiyo hiyo huufanya usikie dawa. Burkitt mwenyewe aliona uvimbe ukiyeyuka baada ya dozi chache, na mwaka 1967 taasisi ya saratani ilianzishwa Kampala. Mtoto anayewahi kutibiwa anaweza kupona. Mzazi anayedhani ni jino tu hupoteza siku ambazo mtoto hana.

Kwa hiyo suala la istilahi si la wanaisimu peke yao. Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, iliyotolewa mwaka 1990, iliweka msingi, na neno umetaboli limekwisha kuzoeleka vitabuni. Lakini mwanafunzi wa Kisangani anayesoma tiba kwa Kifaransa atazungumza na mama wa mgonjwa kwa Kiswahili au Lingala, na mama huyo hahitaji neno umetaboli. Anahitaji maelezo anayoweza kuyabeba hadi nyumbani. Sitiari ya askari inaweza kuyabeba, mradi ikamilishwe: askari huamshwa, hupewa posho, huongezeka, na vita vikiisha huamriwa kutulia. Asipoisikia amri hiyo, huila nyumba aliyowekwa kuilinda.

5. Hitimisho

Historia hii ilianza kwa daktari aliyeuliza swali lile lile kila alikofika, akionyesha picha. Ujuzi uliotokana na watoto wa Afrika umekwisha kuandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Ni haki urudi kwa wazazi wao katika lugha wanayoisema.